Hesabu ya mvuke itakayoamua Turkana inahesabiwa mapipa mangapi

MJADALA kuhusu mafuta ya Turkana umekuwa mjadala wa asilimia. Tangu kisima cha Ngamia-1 kilipothibitisha mwaka wa 2012 kwamba kuna mafuta katika bonde la Lokichar, viongozi wamevutana kuhusu nani apate nini: serikali ya kitaifa, serikali ya kaunti au jamii inayoishi kando ya visima.

Mvutano huo ulimalizika kisheria mwaka wa 2019. Sheria ya Petroli iliyotiwa sahihi mwaka huo inaipa kaunti asilimia 20 na jamii asilimia 5 ya fungu la serikali, huku asilimia 75 ikibaki kwa serikali ya kitaifa. Jamii ilikuwa imeahidiwa asilimia 10 katika mswada wa awali, na kupunguzwa kwa kiwango hicho kuliacha kinyongo ambacho hakijaisha.

Lakini asilimia 5 ni asilimia 5 ya kitu fulani. Kitu chenyewe ni thamani ya mapipa yaliyopimwa mahali fulani, katika joto fulani na chini ya shinikizo fulani. Ukibadilisha joto na shinikizo hilo, idadi ya mapipa hubadilika hata kama kilichotoka ardhini ni kilekile. Jambo hili halijazungumziwa sana katika mabaraza ya Lodwar wala katika kumbi za Bunge, na yeyote anayetaka kujua kama Turkana inapata haki yake hana budi kulielewa.

Mafuta yanapokuwa chini ya ardhi, hukandamizwa na uzito wa miamba na maji. Katika hali hiyo, gesi kama methani, ethani, propani na butani huwa zimeyeyuka ndani yake, mithili ya hewa iliyofungiwa katika chupa ya soda. Mafuta yanapopanda kisimani, shinikizo hupungua na gesi huanza kujitenga. Yanapofika katika tangi la kuhifadhia, kiasi fulani cha mafuta kimekuwa mvuke na kilichosalia ni kimiminika. Pipa linalouzwa ni lile la kimiminika kilichosalia.

Swali la mhandisi ni hili: katika kila aina ya molekuli, ni kiasi gani kitakwenda na mvuke na ni kiasi gani kitabaki? Jibu hutolewa na namba moja ambayo wahandisi huiita uwiano wa msawazo, au K kwa kifupi. Hupatikana kwa kugawanya kiwango cha kijenzi fulani ndani ya mvuke kwa kiwango cha kijenzi hicho hicho ndani ya kimiminika, pande hizo mbili zikiwa zimetulia pamoja. K ikizidi moja, kijenzi hicho hupendelea kuwa mvuke. Ikiwa chini ya moja, hupendelea kubaki mafuta.

Wakenya wengi wana mtambo wa kuonyesha jambo hili jikoni mwao. Mtungi wa gesi ya kupikia huwa na mchanganyiko wa propani na butani, kimiminika kikiwa chini na mvuke juu. Tuseme kimiminika hicho ni propani asilimia 40 na butani asilimia 60, na joto la chumba ni nyuzi 20. Propani peke yake, katika joto hilo, hutoa shinikizo la takriban mara nane na nusu ya lile la hewa ya kawaida. Butani hutoa mara mbili tu na ushei.

Ukipiga hesabu kwa kanuni ya Raoult, ambayo hufaa kwa mchanganyiko wa vitu vinavyofanana namna hii, utapata kwamba mvuke ulio juu ya kimiminika hicho una propani zaidi ya asilimia 70. K ya propani ni kama 1.8 na ya butani haifiki nusu. Maana yake ni kwamba anayepika anachoma propani kwanza. Kadiri siku zinavyosonga, kinachobaki mtungini ni butani zaidi na zaidi, ambayo kwa shinikizo la kawaida haichemki chini ya nyuzi sufuri kasoro nusu. Ndiyo sababu mtungi unaokaribia kuisha huweza kutoa moto dhaifu asubuhi ya baridi kule Limuru, na mteja akadhani muuzaji amempunja ilhali kilo bado zimo.

Hiyo ni hesabu ya vijenzi viwili. Mafuta ghafi yana mamia ya vijenzi, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Mwaka wa 1952, Rachford na Rice, wataalamu wawili, walichapisha njia ya kutatua hesabu hiyo kwa mlinganyo mmoja, hata vijenzi viwe vingi namna gani. Hadi leo mlinganyo huo umo ndani ya karibu kila programu ya kompyuta inayotumiwa na kampuni za mafuta. Mwaka wa 1968 Wilson alitoa kanuni fupi ya kukadiria K kwa kutumia sifa tatu tu za kila kijenzi. Zilifuata hesabu nzito zaidi, ile ya Soave mwaka wa 1972 na ile ya Peng na Robinson mwaka wa 1976, ambazo bado ndizo zinazotegemewa. Kabla ya kompyuta, wahandisi walisoma thamani za K kutoka katika chati kubwa za karatasi kwa rula na penseli.

Kanuni ya Wilson inatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Chukua kitenganishi, yaani lile tangi la chuma ambamo mafuta na gesi huachanishwa, likiwa na joto la nyuzi 60 na shinikizo mara kumi ya la hewa. K ya methani hutokea kuwa kama 47. Ya propani ni 2 na kitu. Ya butani ni kama 0.6, na ya heptani, ambayo ni kijenzi cha uzito wa petroli, ni 0.03 tu. Kwa hivyo methani hukimbia, propani husitasita, butani hubaki kwa sehemu kubwa na heptani haibanduki.

Sasa punguza shinikizo hadi la hewa ya kawaida, joto likiwa lilelile. Namba zote hupanda mara kumi. Propani inakuwa 21, butani inaruka hadi 6, na heptani inafika 0.3. Butani iliyokuwa mafuta sasa ni mvuke, na hata heptani imeanza kutoroka.

Tofauti hii si ya vitabuni. Wazia molekuli 100 za mchanganyiko wa mfano: methani 30, propani 10, butani 10 na heptani 50. Zikishushwa kwa mkupuo mmoja hadi shinikizo la hewa katika nyuzi 60, hubaki molekuli kama 31 za kimiminika. Zikipitishwa kwanza katika kitenganishi cha shinikizo mara kumi, gesi ikaondolewa, kisha kimiminika kikashushwa hadi shinikizo la hewa, hubaki kama 49. Kilichobadilika ni kituo kimoja tu cha katikati.

Mafuta ghafi halisi yana sehemu nzito nyingi ambazo hazigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hivyo pengo huwa dogo sana kuliko la mfano huu. Hata hivyo mwelekeo ni uleule. Ndiyo maana mitambo ya mafuta duniani kote hujengwa na vitenganishi viwili, vitatu au zaidi vilivyopangwa kwa mfululizo. Anayejenga kimoja ili kuokoa gharama ya chuma huweza kupoteza mapipa kila siku kwa miaka yote ya kisima.

Je, haya yanaihusu Turkana kwa kiasi gani? Hapa ni lazima kusema ukweli ambao hautawafurahisha wale wanaopenda kuona njama kila mahali. Mafuta ya Lokichar yana gesi kidogo ndani yake yakilinganishwa na mafuta mepesi ya nchi nyingi. Hayanywei sana yanapotoka ardhini kuja tangini. Pipa la chini na pipa la juu hazitofautiani kwa kiwango kinachoonekana katika visima vyenye gesi nyingi.

Tatizo la Lokichar ni nta. Mafuta hayo yana nta nyingi kiasi kwamba huganda katika joto ambalo binadamu huliona la kawaida. Ukiyaacha usiku kucha ndani ya bomba lisilopashwa joto, asubuhi utakuta bomba lililozibwa. Kwa sababu hiyo, mpango wa kuyasafirisha hadi Lamu ulihusu bomba la zaidi ya kilomita 800 linalopashwa joto, na bomba hilo halijajengwa. Uganda nayo ina mafuta ya tabia hiyo hiyo, na bomba lake la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lilibuniwa ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50.

Hapo ndipo uwiano wa K unaporudi kwa mlango wa nyuma. Joto linalozuia nta kuganda ndilo joto linalopandisha K za vijenzi vyepesi. Kupasha mafuta ni sawa na kuialika butani, pentani na heksani ziondoke. Na vijenzi hivyo si abiria wa bure. Vyenyewe ndivyo vinavyosaidia kuiyeyusha nta. Vikitoroka kupitia tundu la kupumulia la tangi, mafuta yanayobaki huwa na nta zaidi kwa uwiano, huanza kuganda katika joto la juu zaidi, na huhitaji kupashwa zaidi. Mhandisi asiye mwangalifu hujikuta akiufukuza mkia wake mwenyewe.

Kenya imewahi kuonja tatizo hili kwa vitendo. Mnamo Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa mafuta kwa malori kutoka Lokichar hadi matangi ya kiwanda cha Changamwe, Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mafuta yalibebwa katika matangi maalumu yaliyokingwa ili yasipoteze joto. Wiki chache baadaye wakazi waliyazuia malori wakilalamikia utovu wa usalama na kutengwa. Shehena ya kwanza, ya zaidi ya mapipa 200,000, iliondoka bandarini Agosti 2019. Mradi huo wa majaribio ulisitishwa mwaka wa 2020.

Zingatia safari yenyewe. Mafuta yalitengwa na gesi kisimani, yakapashwa joto, yakamiminwa katika lori, yakapita Bonde la Ufa na kushuka hadi pwani yenye joto la mwaka mzima, yakamiminwa tena tangini Changamwe, yakakaa kwa miezi yakisubiri shehena itimie, kisha yakapashwa tena ili yaweze kupakiwa melini. Kila hatua ni kitenganishi kisicho rasmi. Katika kila tangi, mvuke na kimiminika hutafuta msawazo upya, na kila kifuniko kinapofunguliwa sehemu ya mvuke hutoka isirudi.

Je, pipa lilihesabiwa Lokichar au Mombasa? Kwa mnunuzi, jibu ni rahisi: hulipia kilichoingia melini. Kwa jamii inayodai asilimia 5, jibu si rahisi hata kidogo. Kama mgao unakokotolewa kutokana na kilichouzwa bandarini, basi kila lita iliyopotea njiani imepotea pia kwa mwanakijiji wa Lokichar, ingawa hakuwa na sauti katika uchaguzi wa tangi wala wa lori. Kama unakokotolewa kutokana na kilichopimwa kisimani, hasara ya njiani ni ya msafirishaji, naye atakuwa na sababu nzuri ya kununua vifuniko bora.

Kipimo chenyewe nacho kina kanuni zake. Mafuta hupanuka yakipata joto, na kwa hivyo biashara ya kimataifa hurekebisha ujazo hadi joto la kiwango, nyuzi 15 au nyuzi 60 za Fahrenheit. Pipa la mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi si pipa kamili likirekebishwa. Marekebisho hayo ya upanukaji ni ya kawaida na hayana siri. Marekebisho ya kilichogeuka mvuke ndiyo yenye utata, kwa sababu hutegemea sampuli iliyochukuliwa na kanuni iliyochaguliwa kukadiria K.

Na sampuli ndiyo chanzo cha yote. Maabara huweza kupima methani, propani na butani kwa usahihi mkubwa. Kuanzia heptani kwenda juu, molekuli huwa nyingi mno, na desturi ni kuzikusanya katika fungu moja linaloitwa heptani na zaidi. Fungu hilo hupewa uzito wa wastani na sifa za kukadiriwa. Katika mafuta yenye nta kama ya Lokichar, fungu hilo ndilo karibu mafuta yote. Wahandisi wawili waaminifu, wakiwa na sampuli moja na kompyuta mbili zinazofanana, wanaweza kuligawa fungu hilo kwa namna mbili na wakapata majibu mawili yasiyolingana kuhusu kiasi kitakachobaki tangini. Hakuna aliyedanganya. Ila jibu moja linampendeza mwekezaji na jingine linaipendeza hazina.

Upande wa mnunuzi pia una hesabu yake. Meli haiwezi kupokea mafuta yenye vijenzi vyepesi kupita kiasi, kwa kuwa mvuke wake huweza kujaza matangi na kulipuka. Hivyo mikataba ya kuuza huweka kikomo cha shinikizo la mvuke. Muuzaji hulazimika kuondoa vijenzi vyepesi vya kutosha ili akubaliwe, lakini asiondoe zaidi ya hapo kwa vile kila kinachoondolewa ni ujazo uliopotea. Mstari kati ya kutosha na kuzidi huchorwa kwa K.

Hatari ya mvuke si ya kufikirika. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi iliyovuja ililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, kwenye kituo cha kujaza mitungi ambacho mamlaka ya EPRA ilisema hakikuwa na idhini. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Lita moja ya propani ya kimiminika hutoa zaidi ya lita 250 za mvuke, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini badala ya kupaa.

Gesi inayotengwa visimani nayo ina swali lake. Penye gesi nyingi na soko, hukusanywa na kuuzwa. Penye gesi kidogo, mbali na mji, kishawishi ni kuichoma moto. Nigeria imeishi na miale hiyo katika eneo la delta ya mto Niger kwa miongo mingi tangu mafuta yalipogunduliwa Oloibiri mwaka wa 1956, na wakazi wameikashifu bila kuchoka. Lokichar haitawaka kwa kiwango hicho, kwa sababu gesi yenyewe ni haba na mitambo ya huko itahitaji nishati ya kupashia mafuta. Hata hivyo uhaba si kisingizio cha kutopima. Butani inayokimbia na gesi hiyo ndiyo ambayo Wakenya huinunua kwa bei ghali baada ya kuagizwa kwa meli kutoka ng'ambo.

Umiliki wa visima umebadilika. Africa Oil na TotalEnergies zilijiondoa mwaka wa 2023. Tullow ya Uingereza, iliyogundua mafuta na ambayo mwaka wa 2021 ilikadiria kwamba mapipa milioni 585 yangeweza kutolewa, iliuza mali zake nchini kwa Gulf Energy mwaka wa 2025 kwa bei iliyotangazwa kuwa angalau dola milioni 120. Mwekezaji mpya hurithi visima, na hurithi pia sampuli, ripoti za maabara na hesabu zilizokwisha kufanywa.

Serikali nayo inapaswa kuzirithi. Mkataba wa kugawana mafuta huipa haki ya kuona takwimu, lakini kuona si kukagua. Ili kukagua, wizara inahitaji wahandisi wake wenyewe wanaoweza kuchukua uchambuzi wa maabara, kuchagua kanuni, kukokotoa K za kila kitenganishi na kulinganisha jibu na lile la kampuni. Vitabu vinavyofundisha hesabu hiyo vinapatikana, mlinganyo wa Rachford na Rice hauna hakimiliki, na kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi inatosha. Kinachohitaji fedha ni sampuli iliyochukuliwa chini ya shinikizo lake halisi, kwa kuwa sampuli iliyoachwa ikapumua njiani imekwisha kupoteza ushahidi.

Kaunti ya Turkana ina sababu ya ziada ya kutaka hesabu hizo. Fungu lake la asilimia 20 na lile la jamii hutoka baada ya mwekezaji kurudishiwa gharama zake na baada ya mafuta kugawanywa kati yake na serikali. Kosa la asilimia moja katika mapipa, mwanzoni mwa mfululizo huo, haliishii kuwa asilimia moja mwishoni. Gharama zikiwa kubwa, linaweza kula sehemu kubwa ya kile kidogo kinachobaki kugawanywa.

Maswali ya kuuliza si mengi. Kipimo rasmi kitawekwa wapi: kwenye tundu la kutokea la kitenganishi cha mwisho, kwenye lango la kupakia malori au kwenye gati la meli? Kutakuwa na vitenganishi vingapi, na kila kimoja kitaendeshwa kwa shinikizo na joto gani? Mvuke wa matangi utakusanywa na kurudishwa au utaachwa upae? Nani atachukua sampuli, mara ngapi kwa mwaka, na nakala ya ripoti ya maabara itapelekwa Lodwar au itaishia Nairobi?